Gari Lenye Utosi

Wiki iliyopita mliniacha mlangoni kwa baba, mkono umeinuka, naogopa kubisha. Basi nilijikaza nikabisha. Nilijisumbua bure, mlango ulikuwa wazi.

Kwa wewe uliyepanda njiani: mimi ni kuli, mtoto wa kuli. Tulipakia malori pamoja ghala moja, baba na mimi. Miezi saba iliyopita fundo langu la nyuma lilifunguka, kreti la vigae likaporomoka, likamkuta mwenzetu tunayemwita Bwana Kesho amesimama nyuma ya lori. Mguu wake mmoja ukakatwa kuanzia goti kwenda chini. Mimi nikafukuzwa. Na baba, aliyenifundisha kazi na kuniombea nafasi, tangu siku ile hajaniambia neno.

Mwezi mmoja baadaye kiharusi kikamchukua mkono wa kulia. Mdomo kikamwachia. Lakini kwangu mimi, mdomo nao ulikuwa umeshapooza zamani.

Kila Jumamosi huenda kwa Bwana Kesho kumfulia nguo. Nikishaanika namwambia, "Kaka, nisamehe." Naye hunijibu, "Kesho." Jina lile alilipata kwa uvivu. Siku hizi analitumia kwa haki yake.

Haya, tuingie ndani.

Dada yangu mkubwa alikuwa anafungasha vyombo vya baba kwenye shuka. Siku hiyo tulikuwa tunamhamishia mzee kwake, maana mtu wa mkono mmoja na jiko la mafuta ya taa hawawezi kukaa nyumba moja bila mtu wa tatu.

"Umekuja," dada akasema.

"Nimekuja. Gari liko wapi?"

"Shemeji yako yuko njiani nalo."

"Pikapu?"

Hakujibu. Dada yangu asipojibu, ujue jibu analo na limemkaa vibaya.

Baba alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mkongojo katikati ya magoti. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Akamtazama dada.

"Mwambie mdogo wako avue viatu. Nimefagia."

"Anasema uvue viatu," dada akaniambia.

"Nimesikia."

"Anasema amesikia, baba."

"Mwambie kusikia si kuvua."

Nikavua. Soksi zangu za kahawia, moja ina dirisha la kidole gumba, zikafika mbele ya mzee kama mashahidi waliokosa nauli ya kukimbia.

"Sasa mwambie hivi," baba akaendelea, akipigapiga ubao wa kitanda. "Bila hiki, mimi sihami. Mama yenu amewazaa hapa, amefia hapa. Afunge yeye, kwa sababu mimi siwezi na mumeo hajui. Kikifika kizima, bila ufa, bila mkwaruzo, nitazungumza naye. Kisipofika hivyo, anizike kama tulivyokaa, kimyakimya."

Dada akanigeukia, macho yamejaa. "Anasema..."

"Dada, nimesikia. Hata majirani wamesikia."

Kwa hiyo kuanzia hapa, ukinisikia nataja kitanda, wewe sikia sauti ya baba. Ndiyo niliyokuwa napakia.

*

Honi ikalia. Nikatoka na matumaini ya pikapu.

Haikuwa pikapu. Lilikuwa gari la shemeji, karani wa ofisi, gari analolipangusa kwa taulo laini kuliko lile ninalopewa mimi nikienda kuoga kwao.

"Shemeji!" akaniita. "Paa umeliona?"

Akabonyeza kitufe. Pazia la ndani likarudi nyuma taratibu na mbingu nzima ikaingia garini.

"Shemeji, hili paa ni kioo."

"Kioo kitupu! Kuanzia mbele mpaka nyuma. Kitufe hikihiki, ukibonyeza mara ya kwanza pazia, mara ya pili kioo chenyewe kinainuka nyuma, hewa inaingia."

"Na kitanda kinakaa wapi, kwenye hewa?"

"Nimeazima keria, bwana. Usiwe na haraka ya kufa."

Baba akatoka, mkongojo huo, ko, ko, ko. Akalizunguka gari lote. Kisha akaweka kiganja cha kushoto juu ya kioo, polepole, kama anayempima mtoto homa.

"Mkwe, gari lako lina utosi."

"Lina nini, baba?"

"Utosi. Kama mtoto mchanga. Huku mfupa, huku mfupa, katikati panapumua. Mtoto wa namna hii hatwikwi."

Shemeji akacheka. "Kitabu cha gari kinasema linabeba kilo sabini na tano juu, baba."

"Kinasema mfupani, au utosini?"

Shemeji akaingia garini kusoma kitabu. Alikaa humo muda. Alipotoka alikuwa amepungua kimo.

"Mfupani," akasema.

Kazi ikaanza. Baba anaamuru, dada anapokea, mimi natenda. Nilikuwa kama mkuu wa nchi ya kigeni, nina mkalimani wangu.

"Mwambie miguu ya keria ikae kwenye vyuma vya ubavuni. Usikanyage kioo hata mmoja."

Mguu mmoja ulikuwa umekanyaga ukingo wa kioo. Nikauhamisha. Shemeji akapapangusa pale kwa taulo.

"Mwambie akifungue kitanda, aniletee mbao moja moja."

Baba akaziinua kwa mkono wake mmoja, zamu kwa zamu, macho ameyafumba. Kichwa cha kitanda, cha miguuni, mbavu mbili. "Kilo arobaini na mbili," akasema. "Chaga ziingie ndani, tutazikanyaga." Mzee huyu amepima mizigo kwa bega miaka thelathini na moja, na ghalani mizani ikibishana naye, tulikuwa tunairekebisha mizani.

"Mwambie kati ya ubao na kioo nataka kiganja kizima. Apitishe mkono."

Nikapitisha mkono. Ukapita.

"Kamba ya mbele ifungwe kwenye kitanzi cha kuvutia gari, ya nyuma vivyo hivyo. Mikanda ipite milangoni, milango ikiwa wazi, kisha ndiyo ifungwe. Na mumeo asifungue hicho kioo mpaka tufike."

"Sifungui, baba," shemeji akasema mwenyewe.

Zikabaki bolti zilizochomoza kwenye mbao. Kitanda kile kina bolti nane, ndefu kama kidole. Saba zilitoka. Ya nane, kwenye kichwa cha kitanda, iligoma. Nilivuta, nikaipiga, nikaitukana. Ilikuwa imeota kutu ndani ya ubao, imejifanya mwenye nyumba.

"Mwambie kama haitoki, itazame juu," baba akasema. "Chuma hakitazami utosi."

Nikakilaza kichwa cha kitanda kwa urefu wa gari, uso juu, bolti inatazama mbingu. Baba akatikisa kichwa kidogo, kukubali. Mtoto wa watu, kile kitikiso nilikila kama chakula! Kisha dada akamshika mkono, wakarudi ndani akaage chumba.

Hapo ndipo ninapoomba mnisikilize bila kunipigia kelele.

Kile kichwa cha kitanda kina maua mawili yaliyochongwa. Mama alikuwa akiyapangusa kila asubuhi kwa ncha ya khanga, petali kwa petali. Sasa uso ukiwa juu, mikanda miwili ilikuwa inapita sawasawa juu ya maua. Nikavuta mkanda kidogo, nikaona unga mwembamba wa mbao unadondoka.

Bila ufa, bila mkwaruzo. Si ndivyo alivyosema?

Nikalegeza. Nikakigeuza. Maua yakatazama chini, salama, hakuna kinachoyagusa. Bolti nayo ikatazama chini. Nikapima: kati ya ncha yake na kioo palibaki nafasi ya kidole changu cha mwisho. Nikavua soksi yangu moja, nikaivalisha ile bolti.

"Shemeji," shemeji akasema, "baba si alisema uso juu?"

"Alisema pia bila mkwaruzo."

"Mimi sijaona kitu." Akaendelea na taulo lake.

Nikakaza mikanda. Nakuapia, sijawahi kufunga vizuri kama siku ile. Tangu nifukuzwe nimelifunga lile fundo la nyuma kwenye mguu wa meza yangu mara elfu, nikitafuta kosa. Nalikaza, nalivuta, nalitikisa. Halifunguki. Kosa sijawahi kuliona, na hilo ndilo lililokuwa likinimaliza.

Baba alipotoka alizunguka gari akigusa mafundo, moja moja, kwa vidole vya kushoto. Ndiyo tabia yake. Hata ghalani alikuwa anapita nyuma ya kila mtu kugusa mafundo, kama bibi anayeonja chumvi kwenye mchuzi wa mkwe. Gari refu, mzigo juu yake, yeye amepinda, ya juu hakuyaona. Hakusema kitu. Kwake, asiposema kitu, umefaulu.

*

Makuli tuna sheria moja ambayo haikuandikwa ukutani: aliyefunga mzigo husafiri chini ya fundo lake. Ukianguka, ukuanze wewe. Ndiyo maana siku ile ya vigae hakuna aliyeuliza fundo la nani. Walinikuta nimekaa chini yake.

Kwa hiyo nikakaa kiti cha nyuma, chini ya kioo. Baba akakaa pembeni yangu. Dada mbele, shemeji kwenye usukani, chaga chini ya miguu yetu. Pazia limefungwa.

Shemeji aliendesha kama amebeba mayai ya watu. Baiskeli zilitupita. Mama mmoja mwenye ndoo kichwani alitupita, akatuangalia kwa huruma.

"Mwambie mdogo wako goti lake linanisukuma," baba akasema.

"Baba, nikigeuka tena shingo itatoka," dada akalia. "Yuko hapo. Mguse tu."

Baba hakunigusa. Mimi nikalivuta goti.

Tuta la kwanza tukalipanda kwa heshima, tukashuka. Kimya. La pili. Kimya. Dada akaanza kuimba kwa puani, jambo ambalo hafanyi ila mambo yakiwa mazuri. Zilibaki kona mbili tufike.

Nami nikaanza kupanga jibu. Akisema "mwanangu", nitasema "naam, baba". Akisema "umefunga vizuri", nitasema "wewe ndiye uliyenifundisha". Nilikuwa nimeyapanga yote, kama mtu anayevaa nguo za harusi kabla hajaposa.

"Mkwe," baba akasema, "hebu fungua hilo pazia. Nataka kukiona kitanda changu."

Nikainua mkono kulishika pazia.

"Baba, jua ni kali," nikasema. Nikamwambia yeye mwenyewe, bila mkalimani.

"Mwambie jua si lake."

Shemeji akabonyeza. Pazia likaanza kurudi nyuma. Yakaonekana maua ya mama, mazima, yanatutazama kutoka juu. Likarudi tena kidogo.

Na pale katikati ya mbingu ikaning'inia soksi yangu. Safari ilikuwa imeitikisa. Ncha ya bolti ilikuwa imechungulia kwenye tundu la kidole gumba.

Dada akaacha kuimba. "Ile ni soksi?"

Baba aliitazama. Akayatazama maua yaliyogeuzwa. Nikaona ameelewa yote, kwa mpangilio, kama anayesoma barua.

"Mwambie..." akaanza. Halikutoka.

Shemeji akapaparika. Alitaka kumfichia mzee, alitaka pazia lirudi haraka, mkono ukaenda kwenye kile kitufe.

"Shemeji, usibonyeze mara ya..."

Alishabonyeza.

Kioo kikainuka nyuma, polepole, kwa adabu, kikaenda chenyewe kuipokea ile bolti.

*Ka.*

Haikuwa sauti kubwa. Ulikuwa mlio wa kidole kinachonyooshwa. Halafu mistari myeupe ikakimbia kioo kizima, huku na huku, kama utando wa buibui mwenye haraka. Hakikudondoka. Kilibaki pale juu yetu, kimesagika, kimeshikana chenyewe kwa chenyewe.

Shemeji akasimamisha gari pembeni, akalaza kichwa kwenye usukani, akatoa kilio ambacho sikukisikia hata kwenye msiba wa mama yake.

Kitanda hakikusogea. Mafundo yangu yote yalishika. Mkiandika mabaya yangu, na hilo liandikeni.

"Nani amegeuza?" dada akauliza.

Ningeweza kusema mkanda ulilegea. Ningeweza kusema upepo. Shemeji hakuona kitu, alishasema. Lakini nilikuwa nimechoka. Miezi saba ya kuwa mkosaji inachosha, ukiongezewa kosa jingine unalipokea tu kama mjukuu wa ziada.

"Baba, ni mimi," nikasema. "Ulisema uso juu, nikageuza. Niliogopa mkanda ungekula maua ya mama. Hakuna aliyenituma."

"Na mimi nilibonyeza," shemeji akasema kutoka kwenye usukani.

"Nyamaza wewe," dada akamwambia.

Magari yakapita. Dada akageuka nyuma, mkono kwenye shingo, tayari kupokea maneno ya baba na kunifikishia.

"Geuka mbele, mama," baba akamwambia.

Kisha akanigeukia. Akanitazama usoni. Nilikuwa nimesahau kwamba jicho lake la kushoto lina doa dogo.

"Mwanangu."

Nilitaka kusema naam. Halikutoka.

"Umesema kwa pumzi moja," baba akasema. "Kosa bado la moto, umeshalisema. Mimi miezi saba imenishinda."

"Kusema nini, baba?" Ni dada aliyeuliza.

"Lile fundo la nyuma. Siku ya vigae." Mkono wake wa kushoto ulikuwa unausugua ule wa kulia, ule uliokufa. "Nilipita nyuma yako, kama kawaida yangu. Nikalishika, nikaliona limelegea. Nikalifungua, nikalifunga upya. Halikuwa limelegea, mwanangu. Vidole ndivyo vilivyokuwa na ganzi. Tangu asubuhi ile vilikuwa na ganzi na sikumwambia mtu, nisije nikarudishwa nyumbani. Wewe ulikuwa umeshapanda, umekaa mahali pa mfungaji."



"Walipokukuta pale, nikasema moyoni, nitasema jioni. Jioni wakawa wameshakufukuza. Nikasema nitasema kesho yake. Kila nikikuona, lile neno linataka kutoka kwanza, kabla ya mengine yote. Nikayafungia yote."

Mguu wa meza yangu umechubuka rangi kwa ajili ya lile fundo. Jumamosi ishirini na nane nimefua suruali za Bwana Kesho, nikakunja mguu mmoja wa suruali na kuubana kwa pini, kama anavyopenda. Nimepiga magoti kwenye uwanja wake mbele ya watoto wake. Na siku ya kwanza nilipotoka kwake nilikwenda kwa baba, nikalia mlangoni. Alinisikia. Alikuwa ndani.

"Kesho ni Jumamosi," baba akasema. "Nipeleke kwake. Nataka aisikie kwangu, nikiwa bado nina mdomo. Utanipeleka?"

Lile jibu nililokuwa nimelipanga njiani lilikuwa limeondoka. Naam, baba. Wewe ndiye uliyenifundisha. Nililitafuta, sikulipata. Juu yetu soksi ilikuwa imetulia kwenye bolti yake, na maua ya mama yalikuwa hayana mkwaruzo hata mmoja. Kitanda kilikuwa kimefika kizima, kasoro kona mbili.

"Mwanangu," baba akasema. "Nijibu."

Nikamtazama. Nikageuza uso, nikatazama kisogo cha dada.

"Dada," nikasema, "mwambie baba..."

Dada akageuka taratibu, mkono bado kwenye shingo, machozi yamefika kidevuni.

"Nimwambie nini?"